Spika moja, kishikwambi kimoja, wanafunzi 72: jibu kwa mwalimu wa Kiingereza wa Kasulu

Swali: Nafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya kata wilayani Kasulu. Darasa lina wanafunzi 72. Nyumbani wengi wanazungumza Kiha, shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili, na sasa karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Nina kishikwambi, simu yangu, spika ya Bluetooth na projekta tuliyopewa na wahisani. Kila Ijumaa nawaonyesha video za Kiingereza. Wanafurahi sana, lakini nikiuliza swali darasa zima kimya. Umeme nao hauaminiki. Nivitumieje vifaa hivi?

Jibu: Mwalimu, kabla ya kugusa kifaa chochote, piga hesabu. Kipindi kimoja ni dakika 40, sawa na sekunde 2,400. Zigawe kwa wanafunzi 72: kila mmoja anaangukiwa na sekunde 33, na hapo hujasalimia wala kuandika tarehe ubaoni. Video ya dakika 25 inameza sekunde 1,500, na muda wote huo hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyefungua kinywa kwa Kiingereza. Ukimuuliza swali mwishoni, unamdai kitu ambacho hajapata nafasi ya kukifanyia mazoezi. Kimya chao kimetokana na mpangilio wa kipindi, na mpangilio unabadilika.

Kila kifaa ulichonacho kipime kwa swali moja: kitawaongezea wanafunzi dakika za kusikia vizuri na kusema, au kitawapunguzia? Kwa kipimo hicho spika inatangulia, kishikwambi kinafuata kwa sababu kinarekodi, na projekta inakuja mwisho. Najua projekta ndiyo inayopendeza wageni wakija shuleni. Iache kabatini mpaka hivyo viwili vya kwanza vimekaa sawa.

Tuanze na sauti, maana hapo ndipo wengi wanakosea bila kujua. Spika ndogo za sokoni zimetengenezwa kwa ajili ya muziki, besi zimekuzwa. Konsonanti zinazobeba maana katika Kiingereza, kama s, f, th, t na k, ziko upande wa sauti nyembamba, na besi huzifunika. Ongeza bati juu, kuta zisizo na kitu na sakafu ya saruji: sauti inarudi kama mwangwi, na mwanafunzi wa dawati la nyuma hawezi kutofautisha "think" na "sink" hata angekuwa na masikio ya mbwa. Fungua kisawazishi cha sauti ("equalizer") kwenye programu ya muziki, shusha vitelezi vya besi hadi chini, vya kati viache, vya juu vipandishe kidogo. Itasikika nyembamba kama redio ya zamani. Ndivyo inavyotakiwa.

Usiiache spika juu ya meza yako. Iweke katikati ya ukuta wa pembeni, usawa wa masikio ya aliyekaa au juu kidogo, ili wa nyuma asiwe mbali nayo kuliko wa mbele. Spika mbili ndogo zenye sauti ya kiasi, moja kila upande, zinashinda moja inayonguruma. Tumia waya wa AUX, ule wa kuchomeka kwenye tundu la sauti, badala ya Bluetooth kama spika ina tundu lake: spika nyingi za Bluetooth husinzia ukisimamisha sauti, na ukiendelea humeza neno la kwanza. Simu iwe katika hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya sentensi.

Halafu pima. Cheza maneno 10, wanafunzi wa nyuma wayaandike. Wasogeze hao hao karibu na spika, cheza maneno mengine 10 ya ugumu uleule. Wakipata 9 karibu na spika na 5 nyuma, tatizo ni sauti. Wakipata 5 kote kuwili, tatizo ni lugha, na hapo sasa unajua unafundisha nini. Mvua ikianza kupiga bati, zima. Usishindane nayo, geuza kipindi kiwe cha kuandika.

Cha kucheza ni nini? Anza na sauti yako mwenyewe. Andika habari ya maneno 90 hadi 120 kuhusu jambo wanalolijua, ili akili yao ishughulike na lugha peke yake. Video ya theluji ya London inampa mtoto wa Kasulu vita viwili kwa wakati mmoja. Mkoa wa Kigoma una mada za kutosha: dagaa wanavyoanikwa mchangani, treni inayokwenda Tabora, sokwe wa Gombe ambako Jane Goodall alianza utafiti wake mwaka 1960, MV Liemba iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Lakini ningeanza na mawese. Kukata mikungu, kuchambua chikichi, kuchemsha, kutwanga, kukamua, kuchemsha tena: hatua zinafuatana zenyewe, kwa hiyo maneno ya mpangilio, "first", "then", "after that", "finally", yanaingia bila kulazimishwa. Na watoto wengi wameshika mchi wenyewe. Wana la kusema.

Rekodi alfajiri au usiku, katika chumba chenye godoro na nguo, maana vitambaa hunyonya mwangwi. Simu ikae shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ya p na b isipige maikrofoni. Soma kwa mwendo wa maneno 100 hadi 110 kwa dakika. Ukitaka kupunguza kasi, refusha kituo kati ya fungu na fungu la maneno. Usivute kila neno, kwa sababu Kiingereza cha neno moja moja hawatakisikia popote pengine. Hifadhi kama MP3 ya mono (njia moja ya sauti) ya kilobiti 64 kwa sekunde: dakika moja inachukua kama nusu megabaiti, wakati WAV, faili la sauti isiyobanwa, ingechukua kama 5. Ukitumia sauti za wengine, zicheze kwa programu ya VLC na punguza mwendo hadi 0.85. Chini ya 0.75 irabu zinaharibika, na utakuwa unawafundisha lugha ya mashine.

Kipindi chenyewe kiende hivi. Dakika 4 za mwanzo ni kichwa cha habari na maneno mapya yasiyozidi matano, pamoja na maana yake kwa Kiswahili. "Bunch" ni mkungu, basi. Umeokoa dakika 3 za kuchora na kuigiza. Cheza sauti mara ya kwanza, madaftari yamefungwa, wakitafuta jibu la swali moja tu: kazi gani inafanyika kabla ya kutwanga? Kisha dakika 2 wanong'onezane na jirani, hata kwa Kiswahili au Kiha. Walimu wengi hukataza hapa, na ndipo darasa linapowaponyoka, kwa sababu mtoto anayekatazwa kufikiri kwa lugha anayoijua hafikiri kwa Kiingereza; anaacha kufikiri. Mara ya pili simamisha baada ya kila sentensi, waandike maneno wanayoyakamata, si sentensi nzima. Mara ya tatu cheza yote bila kusimama. Sasa makundi ya wanne wakusanye maneno yao na waijenge upya habari kwa dakika 10. Itatoka na makosa, na makosa hayo yatakuonyesha nini hakisikiki: mara nyingi ni "the", "is" na herufi za mwisho za vitenzi.

Halafu zima spika. Mpaka hapo imefanya kazi kwa dakika 5 au 6. Dakika 15 zinazobaki ni za vinywa: mmoja anaeleza hatua, mwenzake anamkatiza kwa "What do you do after that?", kisha wanabadilishana. Jozi 36 zikisema kwa pamoja, kila mwanafunzi anapata kama dakika 7 badala ya sekunde 33. Kelele zitakuwepo; mjulishe mapema mwalimu wa chumba cha jirani. Na usizibadilishe jozi hizo kwa kiitikio cha darasa zima. Kiitikio kinapendeza masikioni, lakini sauti 20 zenye nguvu huwaficha 52 wanaochezesha midomo tu.

Matamshi yapewe dakika 2 kila kipindi, jozi moja ya maneno kwa wiki. Kwa wanafunzi waliokulia Kiha, anza na r na l, kwa kuwa wengi wao huzibadilishana, na katika Kiingereza kubadilishana huko kunaleta maafa ya kila siku: "collect the books" na "correct the books" ni maagizo mawili tofauti, na anayekaanga samaki aina ya migebuka ni "fry", hasemi "fly". Rekodi maneno yote mawili yakiwa yamechanganywa mara 10. Wafumbe macho, mkono wa kushoto kwa neno la kwanza, wa kulia kwa la pili. Macho yakiwa wazi watanakiliana. Sikio likishatenganisha, nenda kwenye ulimi: katika l ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kutulia hapo, katika r ya Kiingereza haigusi popote, tofauti na r ya Kiswahili inayogonga.

Irabu ni kazi ndefu zaidi. Kiswahili kina tano. Kiingereza cha Uingereza huhesabiwa kuwa na takriban 20 ukijumlisha zile za kuunganika. Usizifundishe zote. Chukua zile zinazowavurugia masomo mengine: "live" na "leave", "bed" na "bad", "cut" na "cart". Kwa th msaada uko ndani ya Kiswahili chenyewe. Anayesema "selasini" na "zahabu", kama wengi wa bara, mrudishe kwanza kwenye thelathini na dhahabu. Akizimudu hizo, "think" na "this" zimekwisha patikana.

Tatizo la irabu ya mwisho, "booki", "neti", "fishi", lina dawa nzuri kwenye kishikwambi. Wanafunzi wanajua mamia ya maneno ya Kiingereza yaliyovaa Kiswahili: shati, basi, benki. Ulimi unataka kila neno liishie na irabu kwa sababu ndivyo Kiswahili kilivyo. Fungua kinasa sauti kinachochora mawimbi, mwanafunzi aseme "neti" kisha "net". La kwanza linachora vilima viwili, la pili kilima kimoja na kijimkia. Akiona kilima cha pili kimetoweka, ameelewa kuliko maelezo ya nusu saa. Mazoezi hayohayo yatasaidia vitenzi vya wakati uliopita: "dried" na "cooked" vina kilima kimoja kila kimoja.

Sasa kurekodi wanafunzi wenyewe, ambako nadhani ndiko kwenye faida kubwa kuliko yote. Wao hawaruhusiwi kuja na simu shuleni, kwa hiyo ni kishikwambi chako na simu yako. Makundi ya wanne ni 18. Kila kundi likihitaji dakika 2 na nusu pamoja na kupishana, kifaa kimoja kinataka dakika 45, yaani kipindi kizima kinakwisha na bado. Usijaribu kuwamaliza siku moja. Chukua makundi 6 kwa wiki, nje chini ya mwembe, wengine wakiandika ndani. Baada ya wiki 3 kila kundi limepita. Mfundishe kiongozi wa kundi kubonyeza, kutaja namba ya kundi na kusimama upepo ukiwa mgongoni, kwani upepo ukipiga maikrofoni hutasikia kitu. Waruhusu kufuta na kurekodi upya ndani ya dakika zao. Kule kurudia ndiko somo lenyewe: wanaitamka sentensi ileile mara nne, tano, bila kuamrishwa, kwa sababu hawapendi walivyojisikia.

Kuzisikiliza rekodi 6 kunakuchukua dakika 6. Kila kundi liandikie kosa moja tu la kurekebisha na jambo moja lililokaa vizuri. Ukiwarudishia makosa 11, wataacha kusema, na utakuwa umerudi kwenye kimya cha Ijumaa. Sauti za watoto ni amana: wajulishe wazazi, usizipeleke kwenye makundi ya WhatsApp, usimchezee mtu sauti yake mbele ya darasa bila ridhaa yake, na zifute muhula ukiisha.

Kuna walimu wanaotumia kuandika kwa sauti kwenye simu ili kukagua matamshi. Inafaa kwa kiasi: pakua Kiingereza kwanza ili ifanye kazi bila intaneti, mwanafunzi aseme sentensi, aone simu imeandika nini. Lakini mashine hubahatisha kwa kuangalia maneno ya jirani, kwa hiyo inaweza kumpa alama asiyostahili, au kumkatalia mtoto anayeeleweka vizuri kwa kuwa haijazoea lafudhi yake. Isiwe hakimu. Vivyo hivyo programu za akili unde: zinaandika haraka habari ya maneno 100 kwa msamiati uliouchagua, ila soma kila sentensi kabla ya kuirekodi, kwa sababu zikizungumzia Kigoma zinaweza kukuwekea bahari mahali pa ziwa.

Projekta, basi. Kwa chumba chenye madirisha yasiyo na mapazia unahitaji mwanga wa lumeni 3,000 za kipimo cha ANSI au zaidi. Namba kubwa kubwa zilizoandikwa kwenye maboksi ya projekta za bei ndogo mara nyingi si za kipimo hicho. Onyesha kwenye ukuta usiopigwa na jua, uliopakwa rangi nyeupe isiyong'aa. Herufi ukutani ziwe na kimo cha sentimita 5 kwa dawati lililo umbali wa mita 8 au 9. Usiandike aya. Weka picha moja, isimame dakika 10, wanafunzi waulizane kuihusu. Ukionyesha video, kata kipande cha dakika 2, kizime sauti kwanza wabashiri kinachosemwa, kisha sauti iwashwe. Maandishi ya Kiswahili chini ya picha yaondoe, kwa kuwa jicho litasoma Kiswahili na sikio litalala. Ya Kiingereza yaje mara ya mwisho tu.

Umeme ukikatika projekta ya taa ikiwa bado ya moto, feni nayo inasimama na joto linaweza kuiharibu taa. UPS ndogo, yaani betri ya akiba, inakupa dakika chache za kuizima kwa utaratibu. Radi zikianza, chomoa kila kitu ukutani, na waya wa antena pia kama upo. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Spika na kishikwambi vichajiwe usiku kabla ya kipindi, na mpango wa somo uandikwe kana kwamba umeme hautakuwepo.

Kuhusu intaneti, huihitaji kila siku. Ukifika mahali penye mtandao mzuri, pakua vitabu vya kiada kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hadithi za African Storybook, ambazo nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza na leseni yake inaruhusu kunakili. Mwanafunzi asome ya Kiswahili leo, asikilize ya Kiingereza kesho. Shule ikija kupata vishikwambi vingi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye programu ya Kolibri inagawa masomo darasani bila intaneti. Itumie na chaja yake: Raspberry Pi 4 inataka volti 5 na ampea 3, na chaja nyingi za simu zikizidiwa huishusha volti mpaka memori kadi inaharibika. Weka nakala ya kadi hiyo tangu siku ya kwanza. Zaidi ya vifaa kumi vikiomba video kwa pamoja, Wi-Fi yake ya ndani itakwama, kwa hiyo utahitaji ruta ya pembeni.

Mwisho, pima kama kuna kinachosogea. Katika orodha ya mahudhurio chukua kila mwanafunzi wa tisa, utapata 8. Wiki ya kwanza kila mmoja aeleze picha moja kwa dakika moja, nawe urekodi. Hesabu vitu vitatu: maneno aliyosema, sentensi zilizokamilika, na mara alizokwama zaidi ya sekunde 3. Rudia wiki ya 6 na ya 12 kwa picha mpya ya ugumu uleule. Maneno yakiongezeka na sentensi zikabaki zilezile, ongeza muda wa kujenga upya habari kwa makundi. Kukwama kusipopungua, rudi kwenye zile dakika 15 za jozi uone kama kweli zinatimia. Mara nyingi zimeliwa na kuhamisha madawati na kutafuta waya. Panga madawati na funga waya wakati wa mapumziko, kabla kengele haijagonga.